Acheni kukicheka chombo cha India kilichofika Mirihi, MNAKERA!

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, na wengine habari za leo.

Hili jambo limeninyima usingizi, bora nilimwage hapa. Mimi ni mwalimu wa fizikia na hesabu, sekondari ya kutwa. Jana jioni kwenye kundi letu la WhatsApp la walimu mwenzetu mmoja alirusha ile katuni ya zamani: mkulima wa Kihindi kamshika ng'ombe wake, anabisha hodi kwenye chumba cha klabu ya mataifa makubwa ya anga, na ndani mabwana wawili wamekaa na gazeti lenye habari ya India kwenda Mirihi. Chini yake vicheko mfululizo. Mmoja kaandika "hawana vyoo, wanakimbilia Mirihi." Mwingine: "Wangenunua sabuni kwanza." Nilijibu kwa ustaarabu, nikaambiwa nimegeuka wakili wa Wahindi. Kilichonichoma zaidi ni kwamba mwalimu mwenzangu wa fizikia, mtu anayeingia darasani kila wiki kufundisha Newton na mvutano, naye kaweka kicheko!

Sasa nisikilizeni.

Katuni hiyo ilichapwa na gazeti la Marekani la New York Times mwishoni mwa Septemba 2014, siku chache baada ya Mangalyaan, hicho chombo cha India, kuingia kwenye mzingo wa Mirihi, yaani kuanza kuizunguka. Mchoraji ni Heng Kim Song wa Singapore. Wasomaji waliijia juu mpaka mhariri wa kurasa za maoni, Andrew Rosenthal, akaomba radhi hadharani. Walioichapa wenyewe walishaomba radhi zaidi ya miaka kumi iliyopita, halafu nyinyi, walimu wa watoto wetu, mnaifukua na kuicheka upya.

Mnakicheka kitu ambacho hamjui hata kilifanyikaje. Waziri mkuu wa India wakati ule, Manmohan Singh, aliitangaza safari hiyo Agosti 15, 2012. Novemba 5, 2013 roketi yao ya PSLV iliondoka kituo cha Sriharikota, India, na chombo juu yake. Kama miezi kumi na mitano tu! Tena roketi ile haikuwa na nguvu ya kukitupa chombo moja kwa moja hadi Mirihi. Wangekuwa watu wa kulialia wangesema tusubiri tupate roketi kubwa. Wao walikiacha kiizunguke dunia karibu mwezi mzima, na kila kilipopita karibu kabisa na dunia walikuwa wanawasha injini kidogo, mzunguko ukawa unarefuka. Mtoto akiwa kwenye bembea chini ya mwembe humsukumi popote unapojisikia, unamsukuma pale anapopita, na kila mara anapaa zaidi. Ndivyo walivyofanya. Katikati ya Novemba uwashaji mmoja ulikwama, kasi haikutosha, wakaurudia siku iliyofuata. Usiku wa kuamkia Desemba 1 wakaiaga dunia.

Halafu injini kuu ikazimwa siku 300 hivi. Jamani, anayemiliki bodaboda anajua pikipiki iliyolala mwezi mmoja inavyosumbua kuwaka. Hii ililala siku 300 kwenye baridi na utupu, na kule hakuna fundi. Septemba 22, 2014 waliijaribu kwa sekunde nne tu. Ikawaka. Septemba 24 ikabidi iwake dakika 24 mfululizo kukipunguzia chombo kasi ili kinaswe na mvutano wa Mirihi, sehemu ya muda huo chombo kikiwa nyuma ya Mirihi hakionekani wala hakisikiki, na ishara kutoka kule ilihitaji kama dakika 12 kufika kwa waongozaji wake Bengaluru, India. Ukikosea hapo hakuna kurekebisha. Injini ikiwaka pungufu chombo kinapitiliza kwenda kupotea, ikizidi kinaanguka.

Hakuna nchi iliyokuwa imefika Mirihi kwa jaribio lake la kwanza. Wamarekani walianza na Mariner 3 mwaka 1964, ikashindwa. Wasovieti walipoteza vyombo kadhaa. Nozomi ya Wajapani ilishindwa mwaka 2003. Cha Wachina kilipanda chombo cha Warusi mwaka 2011 na vyote viwili havikutoka hata kwenye mzingo wa dunia. Mwaka 1999 NASA, shirika la anga la Marekani, ilipoteza Mars Climate Orbiter kwa sababu upande mmoja ulitumia vipimo vya Kiingereza na mwingine vya metriki, kosa ambalo mimi nikilikuta kwenye daftari la kidato cha pili nazungushia kalamu nyekundu. India imefika mara ya kwanza, na nyinyi mnaongea habari za sabuni.

Tuje kwenye hela, maana ndiyo fimbo yenu. Rupia bilioni 4.5, kama dola milioni 74 za wakati ule. MAVEN ya Marekani, iliyofika Mirihi siku mbili tatu kabla, iligharimu zaidi ya dola milioni 600. Nakubali MAVEN ilibeba vifaa vingi na vizito zaidi, Mangalyaan ilikuwa na vitano tu vyenye kilo 15 kwa jumla, kwa hiyo si sawasawa kuvilinganisha kama mafungu ya nyanya. Lakini gawanyeni hizo rupia kwa Wahindi bilioni moja na robo. Zinatoka rupia tatu na senti kadhaa kwa kila mtu, mara moja tu, kwa chombo kilichopangiwa kazi ya miezi sita kikafanya kazi mpaka mwaka 2022. Nani hapa atanijengea choo kwa rupia tatu?

Na shida ya vyoo sikatai kwamba ilikuwepo. Sensa yao ya 2011 ilionyesha zaidi ya nusu ya kaya hazina choo nyumbani. Ni aibu na ni mateso, hasa kwa wanawake. Ila nionyesheni mahali ambapo choo kilikosa kujengwa kwa sababu ya Mangalyaan. Hamuwezi, kwa sababu hamkuwa mnawaza vyoo hata kidogo. Mlikuwa mnatafuta mtu wa kumcheka.

Wiki tatu kabla ya roketi kuruka, Oktoba 12, 2013, kimbunga Phailin kilipiga pwani ya Odisha. Mwaka 1999 kimbunga kikali kilipiga jimbo hilohilo kikaua watu kama 10,000. Safari hii watu wanaokaribia milioni moja walihamishwa mapema na waliokufa walikuwa makumi. Serikali ya jimbo ilijipanga, makazi ya dharura yalikuwa yamejengwa, hilo tusilisahau. Lakini kimbunga kilionekana kikija siku kadhaa kabla, na kati ya macho yaliyokitazama ilikuwemo INSAT-3D, satelaiti ya India iliyorushwa Julai mwaka huohuo. Shirika ni lilelile lililopeleka Mangalyaan: ISRO, shirika la anga la India. Na injini iliyolala siku 300 kisha ikawaka ni ya aina ileile wanayotumia kupandisha satelaiti zao za mawasiliano na hali ya hewa. Mvuvi wa Odisha na Mirihi wanakutana kwenye injini hiyo.

Wapo wenye haki ya kuhoji, na hao nawaheshimu. Ndani ya India yenyewe mchumi Jean Drèze alipinga. G. Madhavan Nair, aliyewahi kuiongoza ISRO, naye alipinga, akaona faida ya kisayansi ni ndogo. Wengine wakakumbusha kwamba Vikram Sarabhai, mwasisi wa kazi hiyo, alisema India haina ndoto ya kushindana na matajiri kwenye sayari. Na kifaa cha kupima methani kweli hakikutoa kilichotarajiwa, kilikuwa na kasoro ya usanifu. Hizo ni hoja, za watu wanaolipa kodi ile na kuishi na matokeo yake. Tunaweza kukaa tukabishana usiku kucha.

Hata Marekani yalitokea. Julai 1969, siku moja kabla ya Apollo 11 kuruka kupeleka watu mwezini, mchungaji Ralph Abernathy aliongoza maskini, wengi wao weusi, na mikokoteni ya kuvutwa na nyumbu hadi kituo cha kurushia roketi cha Kennedy. Mkuu wa NASA, Thomas Paine, alitoka akaongea nao uwanjani, na Abernathy akawaombea heri wanaanga. Mikokoteni ilikuwepo mlangoni kabisa, njaa ilikuwepo, na hakuna anayeisimulia Apollo leo kwa kuwacheka Wamarekani kwamba wangenunua sabuni kwanza. Kwa nini mkokoteni wa Mmarekani ni historia, ila ng'ombe wa Mhindi ni kichekesho?

Na huyo ng'ombe! Mwaka 1981 wahandisi wa ISRO waliipakia satelaiti yao ya APPLE juu ya mkokoteni wa ng'ombe, kwa sababu walitaka kuipima antena yake bila chuma kuingilia. Walitumia akili, na kilichokuwepo. Picha ipo, na wenyewe wanaionyesha kwa fahari.

Agosti 2023 walipotua karibu na ncha ya kusini ya mwezi, mtangazaji mmoja wa televisheni ya Uingereza akadai India irudishe hela za misaada. Kutoka kwake sikushangaa. Lakini Aprili mwaka huohuo Kenya ilipopeleka satelaiti yake Taifa-1 nilisoma maneno yaleyale, kwa Kiswahili chetu, kutoka kwa Waafrika: unga kwanza, barabara kwanza. Satelaiti ile ilikuwa ya kuangalia mashamba na ardhi! Mnawapigia debe watu wanaowaweka nyinyi kwenye mlango uleule na ng'ombe wenu.

Nina mwanafunzi mmoja, binti wa kidato cha tatu. Nilimwonyesha ile picha ya akina mama wa ISRO wa Bengaluru, sari za rangi na maua kichwani, wanacheka na kupongezana siku chombo kilipofika. Nikamwambia pia habari za Ritu Karidhal na Nandini Harinath, wanasayansi waliokuwa miongoni mwa waliosimamia safari yenyewe. Akaniuliza, "Mwalimu, hao wamesoma masomo gani?" Nikamwambia fizikia na hesabu. Tangu hapo hakosi kipindi. Juzi amebaki baada ya masomo kuchora mizunguko ya Mangalyaan kwenye karatasi, na karatasi hiyo imebandikwa ukutani darasani kwetu.

Leo asubuhi mwalimu aliyerusha katuni kaniambia amechapa nakala yake, ataibandika pembeni ya mchoro wa binti "watoto wafurahi." Nimemwambia usoni akiibandika naibandua mbele ya wanafunzi, na twende wote kwa mkuu wa shule. Hajajibu mpaka sasa.

Anayetaka kumtetea aje hapa na hesabu zake. Matusi sitajibu.