Mrejesho: Kaka aliyeacha gongo ghafla

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kuhusu kaka yangu: kaacha gongo ghafla, usiku wa pili anatetemeka, jasho chapachapa, anafukuza mende wasiokuwepo ukutani. Shangazi alishasema karogwa. Asanteni mliosisitiza hospitali usiku uleule. Kwenye bajaji alikakamaa akatoa povu.

Kalazwa ICU, wodi ya mahututi, siku tano. Daktari alisema ubongo uliozoea pombe miaka mingi, ukiikosa ghafla, ni gari lililokatika breki mteremkoni. Dawa kuu ilikuwa diazepamu ya mshipa, ya kutuliza ubongo, wanampa, wanampima, wanarudia. Ilipogoma wakaongeza fenobabitoni, nayo ya kutuliza, huku mashine ikichunga pumzi, maana dawa hizo zikizidi mtu anaacha kupumua. Vitamini B1 alichomwa kabla ya dripu ya glukosi. Potasiamu na magneziamu vilikuwa vimeshuka, wakavirudishia. Walimfunga mikono kitandani kwa bandeji. Hilo liliniumiza kuliko yote.

Jana kaniuliza, "Ada ya mtoto nani kalipa?" Nikatoka nje kulia. Mikono bado inatetemeka, uji nusu unaishia kwenye shuka. Jumatatu tunaanza kliniki ya afya ya akili. Shangazi naye anakuja.