Mtafiti wa mihogo apimwe kwa idadi ya kunukuliwa? Tujadili

Wakuu, kuna hoja inayorudi kila watafiti wetu wa kilimo wanapotajwa: fungua ukurasa wake wa Google Scholar (mtandao wa Google wa makala za kisayansi), tazama amenukuliwa mara ngapi na watafiti wenzake na indeksi yake ya h ni ngapi (idadi ya makala zake ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara idadi hiyo hiyo), basi. Mwenye namba kubwa apande daraja na apewe fedha za mradi, asiye nayo asubiri. Wanaoitetea wanasema namba haina undugu, na ni afadhali hiyo kuliko bosi kumbeba mshikaji wake. Hapo nawaelewa kabisa. Ila kwa watafiti wa mazao napinga, na ushahidi wangu uko Amani, kule Muheza.

Mwaka 1936 H. H. Storey, mtafiti wa magonjwa ya mimea, akiwa kituo cha utafiti cha Amani, alieleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwenye mihogo. Ule ambao shamba linaweza kuonekana zima, ukichimba unakuta muhogo umeoza ndani. Mwaka uliofuata kituo kikaanza kutafuta mbegu kinzani. Waliuchavusha muhogo na mpira wa Ceará, ndugu yake wa mwituni, kisha wakawa wanarudisha uzao kwenye muhogo, kizazi baada ya kizazi, hadi ukapatikana unaohimili maradhi na unaolika.

Kwa miaka mingi ugonjwa huo ulionekana ni tatizo la ukanda wetu wa pwani na la Ziwa Nyasa. Nani Ulaya au Marekani alikuwa na haja ya kuunukuu? Halafu mwaka 2004 ukaibuka upya Uganda, kwenye mwinuko ambao wengi waliamini hauwezi kusambaa. Tangu hapo makala za michirizi ya kahawia haziachi kumtaja Storey wa 1936. Alichoandika hakijabadilika hata nukta. Ugonjwa ndio uliohama. (Storey hakukosa heshima zama zake, alichaguliwa hadi Royal Society, chama cha wanasayansi mashuhuri cha Uingereza, lakini hakuna aliyekuwa akimpigia hesabu ya h. Kipimo hicho kilibuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005.)

Tazameni na mbegu zenyewe. Kusini mwa Tanzania kuna muhogo unaitwa Namikonga, na pwani ya Kenya kuna Kaleso. Uchunguzi umeonyesha ni muhogo mmoja, na asili yake ni kazi ya Amani. Wakulima walipeana pingili (vipande vya shina vya kupandia) miaka yote hiyo bila kujua jina la mtafiti yeyote. Uzao mwingine wa Amani ulifika Nigeria na kuingia kwenye mbegu za IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, kule Ibadan. Google Scholar itaihesabu wapi safari hiyo?

Upande wa pili kuna wanasayansi wa mimea Murashige na Skoog. Mwaka 1962 walichapisha mchanganyiko wa virutubisho vya kukuzia tishu za tumbaku maabarani. Makala yao ni miongoni mwa zilizonukuliwa zaidi katika sayansi ya mimea, kwa kuwa kila anayekuza miche kwa tishu, migomba ikiwemo, huandika kwamba alitumia mchanganyiko wao. Wanastahili sifa zote. Lakini namba yao inaonyesha ni maabara ngapi zinatumia njia ile, wala haimfanyi Storey kuwa mtafiti wa daraja la chini. Vivyo hivyo anayechunguza Arabidopsis, gugu lisiloliwa na mtu ila hutumiwa sana na maabara kwa majaribio, ana maelfu ya wenzake wa kumnukuu. Wa michirizi ya kahawia wanafahamiana kwa majina.

Sasa kuna wanaosema: basi tuhesabu aina za mbegu alizozithibitisha. Jamani, hapo ndipo pa kuwa macho zaidi. Mtafiti anaweza kuthibitisha aina tano, zote zikabaki kituoni. Pingili za muhogo ni mzigo mkubwa, zinakauka njiani, na mkulima akishazipata hukata za kwake msimu ujao, kwa hiyo wafanyabiashara wa mbegu hawazikimbilii. Tukilipa kwa idadi ya aina, tutapata aina nyingi zenye majina mazuri na wakulima wale wale na pingili zile zile zenye virusi. Tukihesabu ekari, atashinda aliyefadhiliwa lori la kusambazia.

Mimi ningetaka mtafiti achague kazi zake tano, aeleze nani alizitumia na kwa lipi, nukuu ziwe sehemu ya maelezo hayo, kisha jopo lizisome. Kuzisoma hasa. Na kwenye jopo awepo afisa ugani mmoja anayejua hali ya mashamba. Azimio la San Francisco la mwaka 2012, kuhusu namna ya kutathmini utafiti, lilishasema ubora wa kazi usikadiriwe kwa hadhi ya jarida, kwa hiyo sileti jipya. Najua jopo nalo hupendelea. Dawa yake ni majina ya wajumbe na sababu zao kuandikwa wazi, mwombaji azione na aweze kukata rufaa. Ni kazi kubwa kuliko kusoma namba moja, na nadhani ndiyo maana namba inapendwa.

Mlioko vituo vya utafiti wa kilimo vya TARI (Tanzania), KALRO (Kenya), NARO (Uganda) na vyuo vya kilimo, tupeni hali halisi: fomu zenu za kupandishwa daraja zinauliza chochote kuhusu kilichofika shambani? Na anayetetea namba anijibu: Storey angepata alama ngapi mwaka 1950?