Mapigo ya asubuhi kupanda kabla ya hedhi: uchovu wa mazoezi au homoni?

KochaMbioNdefu
Wakuu, naomba ufafanuzi. Wasichana 8 wa mita 1500 na 5000, umri miaka 18 hadi 23, wanapima mapigo ya moyo kila wakiamka: wanahesabu sekunde 15, wanazidisha kwa 4. Kanuni ni kwamba mapigo yakizidi wastani wa mwanzo wa mwezi kwa 4 au zaidi, siku hiyo hakuna mazoezi makali. Kwa wanaume kanuni hii haina shida. Kwa wasichana 3 inawatoa mazoezini karibu kila mwezi, siku kama 10 kabla ya hedhi, na hedhi ikianza mapigo yanashuka yenyewe. Mmoja wao ana wastani wa 54 wiki ya kwanza ya mzunguko, 58 wiki ya nne. Ni uchovu, au ndivyo mwili unavyokwenda?

Fiziolojia_Moyo
Kocha, hiyo ni kazi ya ovari, na kanuni yako inaisoma kama uchovu.

Moyo wa mtu wa miaka 20 ukiachwa bila neva yoyote hupiga kama mara 107 kwa dakika. Binti huyo anaamka na 54 kwa sababu neva ya vegasi imeubana moyo kama breki hadi nusu ya kasi yake. Miisho ya neva hiyo humwaga kemikali iitwayo asetilikolini kwenye nodi inayoanzisha mapigo, potasiamu inatoka ndani ya seli, na seli inachelewa kufikia kiwango cha kupiga tena. Kwa hiyo mtu akiwa amelala, ongezeko dogo la mapigo mara nyingi ni breki iliyolegea.

Estrojeni, homoni ya ovari, huipa breki hiyo nguvu na hutuliza neva za simpathetiki, zile zinazoharakisha moyo. Katika nusu ya kwanza ya mzunguko estrojeni inapanda bila projesteroni, homoni nyingine ya ovari, kuiingilia. Yai likishatoka, projesteroni inapanda, joto la mwili linaongezeka nyuzi 0.3 hadi 0.5, nodi iliyopata joto inapiga haraka, na vegasi nayo inalegea kidogo. Jumla yake kwa kawaida ni mapigo 2 hadi 4. Saa zinazopima tofauti ya muda kati ya pigo na pigo huonyesha tofauti hiyo ikipungua siku hizo hizo.

Usimlinganishe na wavulana pia. Wanawake kwa wastani wana mapigo ya juu zaidi wakiwa wametulia, ingawa vegasi yao ina nguvu, kwa sababu moyo wao ni mdogo na hutoa damu kidogo zaidi kwa kila pigo.

NesiWaMichezo
Naongezea upande wa kupima, maana hapo ndipo kuna kosa kubwa. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 kunamaanisha ukikosea pigo 1 umekosea 4, yaani kiasi kile kile unachokitafuta! Wahesabu sekunde 60 kamili. Waende haja ndogo kwanza (kibofu kikijaa huchochea simpathetiki), warudi kulala chali dakika 5, ndipo wahesabu, kabla ya chai na kabla ya simu.

Siku ya 1 ni siku damu inapoanza. Kila binti awe na wastani wake wawili: mmoja wa siku ya 3 hadi ya 10, mwingine wa siku 10 za mwisho kabla ya hedhi. Hiyo sehemu ya pili hesabu kwa kurudi nyuma kutoka siku damu ilipoanza, kwa sababu muda kutoka yai kutoka hadi hedhi haubadiliki sana, kawaida siku 12 hadi 14. Kinachorefuka na kufupika ni nusu ya kwanza. Kusanya mizunguko 3 kabla ya kuamua chochote. Baada ya hapo, wiki ya nne linganisha na wiki ya nne. Akizidi wastani wake wa wakati huo kwa 5, siku 3 mfululizo, mpumzishe.

Kipimajoto chini ya ulimi kitakusaidia. Joto limepanda 0.3 na mapigo 3: homoni. Mapigo yamepanda 8 na joto liko pale pale: tafuta uchovu, maji kupungua mwilini, au upungufu wa damu, hasa kwa anayetokwa damu nyingi. Joto 38: apimwe malaria, hakuna mjadala.

Na tafadhali muangalie sana yule ambaye hapandi kabisa. Mapigo yakishuka hadi arobaini na kidogo huku hedhi imekata miezi 3, wengi hushangilia kuwa yuko fiti. Mara nyingi anakula pungufu ya anachokitumia, na mifupa ndiyo inayolipa.

KochaMbioNdefu
Shukrani sana. Wawili wanatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3. Nao niwawekee wastani wawili?

NesiWaMichezo
Hapana, mmoja unatosha. Sindano hiyo inazuia yai kutoka, kwa hiyo lile wimbi la nusu mbili halipo.

MsomajiECG
Homoni hazigusi kasi peke yake. Testosteroni, homoni ya kiume, hufupisha muda wa QT (muda ambao misuli ya chini ya moyo hutumia kupata umeme na kurudi katika utulivu kwa kila pigo), ndiyo maana baada ya balehe wavulana wanakuwa na QT fupi kuliko wasichana, wakati utotoni wako sawa. Mivurugiko mingi ya hatari ya mapigo inayoletwa na dawa zinazorefusha QT huwapata zaidi wanawake. Binti akizimia akiwa anakimbia, asirudi uwanjani bila ECG, kipimo cha umeme wa moyo.

Angalizo kwa anayeisoma: QT hurekebishwa kwa fomula kulingana na kasi ya mapigo, na mapigo yakiwa juu, fomula ya Bazett hudanganya. QT ya milisekunde 380 kwa mapigo 85 inatoa 452 kwa Bazett, lakini 427 kwa fomula nyingine, ya Fridericia. Na uliza dawa: kwinini pamoja na antibiotiki ya erithromaisini, zote zinazorefusha QT, kwa mtu aliyetapika na kupoteza potasiamu, ni mchanganyiko mbaya.