Tupeane uzoefu: Umemaliza usaili wa kazi ya mtandaoni, unafuatiliaje?

Mzee wa Kibodi
Wakuu, salaam. Hizi kazi za mbali, unakaa Mbeya au Kisumu unafanyia kampuni ya London, usaili wake ukiisha huna mapokezi pa kwenda kuulizia. Kinachobaki ni barua pepe tu. Tuelezane hapa: unaandika lini, unaandika nini, unaacha lini.

Naanza. Kabla hujaaga, uliza mambo matatu: hatua inayofuata ni ipi, majibu yanatarajiwa lini, na ukiwa na swali umwandikie nani. Yanukuu palepale, maana bila tarehe utabaki kupiga ramli. Shukrani itoke ndani ya saa 24, maneno 100 hadi 150 yanatosha. Jibu juu ya ileile barua ya mwaliko ili mawasiliano yote yakae pamoja. Ukifungua mpya, msaili mwenye waombaji wengi inabidi aanze kukutafuta wewe ni yupi.

Binti Takwimu
Naongezea kwenye "unaandika nini", maana hapo ndipo wengi wanapoangukia. "Asante kwa muda wenu, nasubiri majibu" haimsaidii msomaji kitu. Chukua swali moja lililojibiwa nusunusu, ulimalizie. Kwa kampuni ya nje utaandika Kiingereza, ila mpangilio uwe hivi:

"Asante kwa mazungumzo ya jana. Uliuliza ningezuiaje ripoti kumhesabu mteja mmoja mara mbili, mtandao ukakatika kabla sijamaliza. Ningelinganisha namba ya simu na barua pepe. Wanaofanana kwa kimoja tu ningewatenga wakaguliwe na mtu. Naambatisha mfano wa ukurasa mmoja. Mlisema majibu ni Ijumaa, nitasubiri hadi hapo."

Mfano ukiwa Google Drive, badilisha ruhusa ili yeyote mwenye kiungo aweze kuuona. Ukisahau, msaili anakutana na ukurasa wa kuomba ruhusa, na wengi hawahangaiki kuomba. Jaribu kukifungua kwanza kwenye dirisha la faragha, ambako hujaingia kwenye akaunti yako.

Dira
Saa nazo zinawaponza watu. Tanzania, Kenya na Uganda tuko UTC+3 (saa 3 mbele ya saa ya kimataifa) mwaka mzima, wenzetu wanasogeza saa. London tunawatangulia saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi; New York ni 8 na 7. Halafu Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho, kwa hiyo katikati pana wiki mbili au tatu ambazo hesabu uliyoizoea haifanyi kazi. Barua ya kufika New York saa 3 asubuhi, kwetu ni saa 11 jioni kipindi cha baridi. Gmail inakuruhusu kupanga muda wa kutuma, itumie. Na ukipendekeza muda wa kukutana andika 16:00, UTC+3. Ile saa 10 jioni yetu, ukiiandika "10", mwenzako anasoma saa nne, ya asubuhi au ya usiku.

Wa Goma
Ndugu zangu, msitusahau. Goma, Bukavu na Lubumbashi ni UTC+2, sawa na Kigali na Bujumbura. Kinshasa ni UTC+1. Na wanaoomba Ghuba: Oman na Saudia wanapumzika Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Jumapili wako kazini. Emirati walihamia Jumamosi na Jumapili tangu 2022.

Wambui K
Kuhusu kusubiri. Wakikupa tarehe, ikipita ongeza siku 2 za kazi ndipo uandike. Wasipokupa, hesabu siku 5 za kazi tangu barua ya shukrani. Sentensi tatu zinatosha: nafasi gani, usaili ulikuwa lini, na kama wanahitaji chochote zaidi. Kimya? Subiri wiki nyingine, uandike mara ya mwisho, kisha uendelee na maombi mengine. Kuandika kila siku mbili kunawaonyesha utakavyowasumbua ukiajiriwa.

Kabla hujasema wamekunyamazia, angalia barua taka. Pia angalia ulijibu anwani gani: zile zinazotumwa na mfumo, zenye "noreply", jibu lake halimfikii mtu. Na tazama kalenda. Wiki ya Alhamisi ya nne ya Novemba Marekani wako kwenye sikukuu, Agosti sehemu kubwa ya Ulaya iko likizo.

Fundi Mitambo
Wakikuuliza habari ya umeme na intaneti, usiandike "niko vizuri". Taja vitu. Ruta nyingi za nyumbani zinatumia volti 12, kwa hiyo UPS ndogo (betri ya akiba) ya volti 12 inaishikilia umeme ukikatika. Hakikisha tu ampea zake hazipungui zile zilizoandikwa kwenye adapta ya ruta. Laini ya pili iwe ya kampuni nyingine, na uijaribu kwa simu ya video. Hata hivyo usiahidi kwamba hutapotea hewani kamwe. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na mitandao mingi ya ukanda huu ikayumba kwa pamoja. Andika utakavyowajulisha ukipotea, na kazi ipi unaweza kuendelea nayo bila mtandao.

Mzee wa Kibodi
Shukrani wadau. Kuna aliyeniuliza pembeni: ukipata ofa kwingine huku hawa bado kimya? Waambie, lakini iwe kweli. "Nimepata ofa, natakiwa kujibu ifikapo tarehe 14. Nafasi yenu bado naitaka. Mnaweza kunipa uamuzi kabla ya hapo?" Usitaje kampuni wala mshahara. Tarehe ndiyo inayowasaidia kuisukuma karatasi yako kwa mwenye kuamua.

Na atakayekujibu kwamba umepata kazi, ila utume kwanza hela ya kompyuta au ya "usajili", huyo ni tapeli. Usimjibu tena.