Naomba ushauri: vifaa na mafunzo kwa wakataji wa miti mirefu, nianze na kipi?

Msumeno_Kisauni:
Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu nawasalimu. Ninaongoza kikundi kidogo cha vijana wanaopunguza matawi na kuangusha miti katika nyumba za watu na viwanja vya hoteli, hapa Mombasa, kuanzia Nyali hadi Bamburi. Kazi huongezeka kabla ya masika, kwa kuwa watu huhofia kusi isije ikawaangushia mivinje na miembe ya zamani juu ya mapaa. Sasa tumepata mteja anayetaka tumhudumie mwaka mzima, naye ameuliza maswali mawili: vijana hawa wamefunzwa wapi, na wakiwa juu huvaa nini?

Mkwezi wetu mkuu alifunzwa na babake kwenye minazi. Kwa kupanda hana mshindani, lakini hana cheti. Tuna misumeno miwili ya mnyororo, hanesi (mikanda ya mwilini ya kumshikilia mtu) moja ya mafundi wa mjengo, helmeti za mjengo na kamba za manila (za plastiki) za dukani. Fedha haitoshi kununua kila kitu kwa pamoja. Ningependa wenye ujuzi wanieleze kipi kitangulie, na kwa sababu gani.

KambaNaKapi:
Ndugu Msumeno, umefanya vyema kuuliza kabla ya kutia sahihi. Mimi hufanya kazi za kamba kwenye majengo marefu, na maoni yangu ni kwamba kifaa cha kwanza unachokihitaji ni hanesi ya pili pamoja na kamba yake, ibaki chini ikiwa tayari, kisha mtu wa pili anayejua kuitumia. Miongozo ya Uingereza ya kazi hii inataka pasiwe na mtu anayepanda mti iwapo chini hakuna mwenzake mwenye ujuzi na vifaa vya kumshusha bila kuchelewa. Mtu aliyezimia akining'inia kwenye hanesi, miguu ikiwa haisogei, damu hukusanyika miguuni na dakika chache zinaweza kuwa za hatari. Gari la wagonjwa likifika, wahudumu wake hawatapanda mwembe. Atakayemshusha ni mmoja wenu au hapatakuwa na mtu.

Hanesi ya mjengo, yenye pete mgongoni, imetengenezwa kumdaka anayeanguka. Haikutengenezwa ili mtu aikalie na kufanya kazi saa nzima. Tafuta ile ya kukalia, yenye pete mbele na kiunoni, iliyoandikwa EN 813 na EN 358, ambazo ni namba za viwango vya usalama vya Ulaya. Kamba iwe ya EN 1891 aina A, ambayo lazima ihimili angalau kilonyutoni 22, yaani uzito unaozidi tani mbili. Kamba ya plastiki ya dukani hulika kwa jua, na si rahisi kila mara kuutambua udhaifu wake kwa macho.

Helmeti pia si jambo dogo. Ile ya mjengo ya EN 397 ina ukanda wa kidevuni uliotengenezwa uachie kwa nguvu ya kati ya nyutoni 150 na 250, ili isimnyonge mvaaji ikinaswa. Ile ya wapandaji, EN 12492, ukanda wake huhimili nyutoni 500, kwa hiyo mtu akiyumba na kugonga shina, helmeti hubaki kichwani. Aliye chini avae ya kwanza, aliye juu avae ya pili.

Anayetumia msumeno wa mnyororo akiwa juu awe amefungwa sehemu mbili: kamba kuu, na ukanda wa pili unaozunguka shina wenye waya wa chuma ndani yake. Kamba iliyokazwa hukatika mara mnyororo unapoigusa. Nakutahadharisha tu kwamba waya huo hupitisha umeme.

Mkwezi_Likoni:
Mwanangu, minazi tumepanda tangu utotoni kwa vidato na kamba ya miguuni, na huyo kijana wako namheshimu. Lakini mnazi hauna tawi. Anayezoea mwembe hutafuta mahali pa kupitisha kamba, na juu ya mnazi atayaona makuti pekee. Asifunge kamba kwenye kuti hata siku moja, hata liwe bichi namna gani. Kamba izunguke shina. Tena vile vyuma vya miiba vya kuvaa miguuni mvivae kwa mti unaoangushwa tu. Mnazi hauna gamba linalojiziba, na tundu ulilolitoboa leo litabaki humo maisha yake yote, maji na wadudu wakipitia hapo. Mteja wa hoteli anayependa minazi yake atawashukuru kwa hilo.

Usalama_Changamwe:
Naongezea upande wa sheria na mafunzo, kwa kuwa ndiko mteja wako anakokwenda. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga na kuwafunza kazi wanayoifanya, na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka huohuo inamtaka awakatie bima. Bila bima hiyo mteja mwangalifu hatakuajiri, na mimi ningemuunga mkono.

Kuhusu mafunzo, Uingereza huyagawa hatua kwa hatua: kwanza kuutunza msumeno na kukata magogo ukiwa ardhini, pili kupanda na kumwokoa mwenzako mtini, na mwisho kabisa ndipo mtu anaruhusiwa kutumia msumeno akiwa kwenye kamba. Utaratibu huo unaweza kuufuata hata kabla ya kupata mwalimu wa kigeni. Mafunzo ya kamba ya IRATA, chama cha kimataifa cha wanaofanya kazi kwa kamba, yana ngazi tatu na yatamsaidia mkwezi wako sana, ingawa hayamfundishi lolote kuhusu tawi linalopasuka wala msumeno unaomrukia mtu usoni kwa kugusa kitu kwa ncha ya juu ya upanga wake, yaani bamba linalozungukwa na mnyororo. Huduma ya kwanza wafundisheni wote. Msalaba Mwekundu na St John Ambulance wanaifundisha. Bandeji kubwa ya kuzuia damu iwe kwenye hanesi ya aliye juu, si garini.

Na nyaya za umeme: katika mitaa yetu hupita za volti 11,000 na 33,000. Umeme huo unaweza kuruka kabla hujaugusa, na kuti bichi huupitisha. Mti ulio karibu na nyaya usiuguse mpaka Kenya Power waje wazime.

Msumeno_Kisauni:
Nawashukuru wote, Allah awalipe. Limebaki suala la suruali ya kuzuia msumeno. Vijana wanasema ni nzito mno kwa joto letu. Tena nimeona hanesi za mitumba sokoni Kongowea zikiuzwa kwa bei nafuu. Je, zinafaa?

KambaNaKapi:
Hanesi ambayo huijui historia yake usimvishe mtu. Huwezi kujua kama ilishadaka mtu au ilishamwagikiwa asidi ya betri. Watengenezaji wengi huziwekea vitu vya nguo kikomo cha miaka 10, na Uingereza vifaa vya kumbeba mtu hukaguliwa na mtaalamu kila miezi 6. Hapa kwetu, kwa chumvi ya baharini, ningekagua mara nyingi zaidi, na karabina (pete za chuma za kuungia kamba na hanesi) ningezisuuza kwa maji yasiyo na chumvi na kuzitia mafuta kila wiki.

Suruali hiyo ina nyuzi ndefu ndani. Mnyororo ukizigusa huzivuta nje, nazo huenda kuzonga gurudumu linaloendesha mnyororo hadi lisimame. Suruali ya daraja la 1 imepimwa kwa mnyororo unaokwenda mita 20 kwa sekunde. Kwa aliye ardhini, ile yenye kinga ya mbele pekee ni nyepesi na inatosha. Aliye juu anahitaji yenye kinga pande zote, kwa kuwa hukaa mikao ambayo msumeno unaweza kumfikia nyuma ya paja. Joto mlishinde kwa saa: anzeni baada ya alfajiri, mshuke kabla ya adhuhuri, na wapandaji wapokezane.

Msumeno_Kisauni:
Basi nimeamua. Nitamwandikia mteja bei mpya ikiwa na bima, hanesi mbili za miti, kamba mbili, helmeti za wapandaji na suruali, na kazi ya juu ya msumeno haitaanza mpaka vijana wawili wawe wamefanya mazoezi ya kumshusha mwenzao. Mpaka hapo tutakata kwa msumeno wa mkono. Bwana KambaNaKapi, ukiwa na nafasi Jumamosi, tuna mwembe mfupi Kisauni unaofaa kwa mazoezi hayo. Nitakulipa siku yako.

KambaNaKapi:
Nitakuja baada ya swala ya alfajiri. Huyo mkwezi wenu ndiye awe wa kushushwa kwanza, kisha yeye amshushe mwenzake.