Mjadala: Gari lililokuwa la kukodisha, ununue au ulikimbie?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Hili jambo tunaulizana pembeni kila mtu anapotafuta gari, leo tuliweke mezani. Gari lililokuwa likikodishwa, mtu mwenye akili timamu anunue? Nazungumzia yote: teksi za mtandao, magari ya watalii, yale ya kukodi bila dereva, na yanayotoka Japani baada ya kutumika kwenye kampuni za kukodisha.

Mimi nasema linanunulika, na mara nyingi ni afadhali kuliko lile gari la "mama mwalimu, lilikuwa linaenda kazini na kanisani tu" ambalo kila dalali analo. Gari la kampuni lina mtu anayelipwa kulihudumia. Chukueni Japani. Gari la kukodisha kule linajulikana kwa kibao cha namba, kwa sababu linapewa herufi yao inayosomeka "wa", mengine "re". Gari jipya la mtu binafsi linakwenda ukaguzi wa serikali baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili. La kukodisha linakwenda baada ya miaka miwili, halafu kila mwaka, na kuna ukaguzi mwingine wa kila miezi sita. Sasa niambieni, hapa Bongo ni nani kati yetu anayeingiza gari lake gereji kila miezi sita bila taa kuwaka kwenye dashibodi?

Naona tunaogopa jina tu. Leteni hoja, matusi bakini nayo.

Fundi, gereji ya Ilala

Mkuu umechanganya mchele na pumba. Gari la Japani liache kwanza huko huko, twende kwenye Toyota IST ya teksi ya mtandao, maana ndiyo watu wanauziwa kila siku hapa mjini.

Piga hesabu ndogo. Tuseme dereva anatembea kilomita 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Mwaka ukiisha gari limekula karibu kilomita 47,000. Kama oili ni ya kubadilisha kila kilomita 5,000, basi inatakiwa kumwagwa kila wiki ya tano au ya sita. Nani anamwaga? Kama gari ni la hesabu, dereva anampelekea tajiri, yaani mwenye gari, hela yake kila jioni na kinachobaki ni chake. Oili akiinunua yeye amejipunja, akimwambia tajiri ataambiwa "subiri mwisho wa mwezi". Mwisho wa mwezi ukifika ni kuongeza nusu lita na safari inaendelea. Ukifungua kifuniko cha oili cha gari la namna hiyo unakuta tope jeusi limeganda kama uji wa jana.

Gari la mkataba ni habari nyingine. Dereva anajua akimaliza kulipa gari ni lake, kwa hiyo analitunza. Hapo nakubaliana na wewe kidogo. Ila ukimuuliza dalali kama gari lilikuwa la hesabu au la mkataba, atakuapia halijawahi kubeba abiria tangu lishuke melini.

Kwa hiyo usimuulize. Nenda kwenye mlango wa nyuma wa kushoto. Gari la familia linachoka mlango wa dereva. Teksi inachoka huo wa nyuma kushoto, kwa sababu abiria wote wanaingilia hapo: kitasa kinalegea, mpira wa mlango umelika, kitambaa cha kiti upande huo kimetepeta. Halafu inama uangalie mpira wa pedali ya breki. Dashibodi inasoma kilomita 78,000 lakini mpira umekuwa laini hauna mstari hata mmoja? Kilomita zimerudishwa hizo, funga mlango uondoke.

Mchangiaji, Arusha (dereva wa watalii)

Nianze kwa kuwatetea matajiri wa utalii. Kampuni iliyo makini gari likirudi kutoka porini linaingia gereji kabla ya safari nyingine. Mgeni amelipa hela nyingi, likilala njiani karibu na lango la Naabi kule Serengeti ni aibu na ni hasara, gari la pili litumwe, mgeni akalalamike kwao. Kwa hiyo shokapu, springi, bushi na filta ya hewa vinabadilishwa kweli.

Lakini kabla hamjazikimbilia hizi Land Cruiser, mjue mambo mawili. Kwanza, nyingi zimenyooshwa. Gari linakatwa katikati, chesisi inaongezwa kipande, linachomelewa, linawekwa viti vya ziada na paa la kufunguka. Anayefanya vizuri anafanya vizuri, na anayelipua analipua. Ingia chini na tochi, fuata ile welding sentimita kwa sentimita, angalia na pale shokapu zinapofungwa. Nyufa zinaanzia hapo, na rangi mpya nyeusi ya chini mara nyingi imepakwa kwa sababu. Barabara ya vumbi ya Ngorongoro kwenda Seronera inatingisha gari mpaka boliti zinajifungua zenyewe.

La pili watu hawalisemi. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inatoa msamaha wa ushuru kwa magari yaliyotengenezwa maalumu kwa kubebea watalii, kampuni yenye leseni ikiyaingiza. Likiuzwa kwa mtu asiye na sifa ya msamaha huo, ushuru unadaiwa. Muuzaji anakupa bei tamu, unasaini, ukienda TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha jina unaambiwa kuna deni. Uliza swali hilo mapema, na jibu lije kwa karatasi. Mdomo hauna risiti.

Mleta mada

Hili la msamaha nilikuwa silijui, asante mkuu. Fundi naye namwelewa. Lakini oneni, hoja zenu zote mbili zinarudi palepale: kinachoua gari ni tajiri asiyehudumia na muuzaji anayeficha. Kukodishwa kwenyewe kuna kosa gani?

Mchangiaji, Nairobi

Ndugu yangu, kosa liko. Gari ya kukodi bila dereva inaendeshwa na mtu ambaye hata hajui ilitoka wapi. Ijumaa inaenda Naivasha na vijana watano, Jumapili usiku inarudi, Jumatatu asubuhi inaoshwa na kupewa mwingine. Matuta anayapanda hivyo hivyo, injini ikiwa baridi anaikanyaga, na akigonga ukingo wa barabara hasemi. Mwenye gari yake akisikia sauti ngeni anashtuka. Huyu anaongeza redio.

Kitu kingine, huku kwetu kampuni nyingi za kukodisha si wenye gari. Mtu binafsi anaacha Demio au Axio yake pale, wanagawana mapato. Kwa hiyo ukiambiwa "kampuni ilihudumia", uliza kampuni gani. Mwenyewe alidhani yadi wanabadilisha oili, yadi walidhani ni mwenyewe. Fanya utafutaji wa NTSA, mamlaka ya usafiri ya huku Kenya, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ni shilingi 550 tu, uone jina kwenye rekodi ni la nani na kama kuna benki inashikilia hiyo gari.

Na tafadhali, tafuteni kifaa cha kufuatilia gari. Gari karibu zote za kukodi zinafungwa hicho kijisanduku, kingine kina uwezo wa kuzima injini kwa simu. Inauzwa, kijisanduku kinabaki. Binamu yangu alikuwa na Nissan Note inayozima ovyo barabarani, mekanika wawili wamebadilisha pampu ya mafuta bure. Wa tatu akafungua chini ya usukani, akapata waya zimekatwa na kuunganishwa kwa utepe, na kijisanduku bado kinawaka taa ndogo ya kijani. Yaani aliyeuza alikuwa bado anaona gari inalala wapi!

Mchangiaji, Dar es Salaam (wakala wa forodha)

Mleta mada, hiyo "wa" yako ni ya kweli, ila haikusaidii kama unavyodhani.

Hati ya kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari nje, ile inayotoka Japani na tafsiri yake ya Kiingereza, inaonyesha namba ya mwisho ya usajili. Neno ni hilo, ya mwisho. Kampuni za Japani zinayauza magari yake bado mabichi, na Mjapani wa pili anayasajili upya kwa herufi nyingine. Sisi Watanzania tunanunua mengi yakiwa yamepita miaka kumi, tena na ile tozo ya uchakavu juu yake. Likishuka bandarini hapa, habari ya "wa" imefutika zamani. Wakenya ndio wana nafasi zaidi ya kuiona, kwa sababu kwao gari lililopita miaka minane haliingii.

Na hapo hofu yenu inakuwa ndogo pia. Gari lililokodishwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo, likiwa jipya, likihudumiwa kwa ratiba, halafu likakaa miaka minane na mzee mmoja, lina ubaya gani? Inayoamua ni ile minane.

Mnaoagiza, ombeni karatasi ya mnada. Ina sehemu ya historia ya gari inayosema kama lilikuwa la binafsi au la kukodisha, ina alama za kila mkwaruzo, na ina kilomita. Linganisha hizo kilomita na zilizo kwenye hati ya usafirishaji, kisha na dashibodi. Tatu zikikubaliana, endelea. Na ukiona kibao kilikuwa cha Hokkaido, kwa mfano Sapporo, uliza picha za chini. Barabara za theluji zinamwagiwa chumvi, na kutu ya chesisi haijali gari lilikuwa la kukodisha au la askofu.

Mchangiaji, Texas

Nawasoma kutoka mbali. Huku mtu hafichi. Kampuni kubwa za kukodisha zina yadi zao za kuuzia, na ripoti ya historia ya gari inaandika wazi kwamba lilikuwa la kukodisha. Enterprise wanakupa dhamana ya miezi 12 au maili 12,000 kwa injini na gia. Gari langu la sasa ni la namna hiyo na sina neno nalo.

Lakini msidhani Wamarekani hawaumii. Kampuni ya kukodisha ya Hertz waliagiza magari ya umeme ya Tesla 100,000 mwaka 2021 kwa mbwembwe, Januari 2024 wakatangaza kuuza magari ya umeme yapatayo 20,000. Bei zikaporomoka, watu wakayakimbilia. Gari la umeme lililokodishwa lina swali lake: betri imechajiwaje, na nani? Hapo mimi ningekaa pembeni.

Mchangiaji, Mwanza

Mmesahau magari ya harusi. Alphard inatoka Jumamosi tu, inatembea ukumbini na kurudi, inaoshwa kuliko mwenye nayo. Nipeni hiyo.

Fundi, gereji ya Ilala

Ya harusi inachoka feni na betri, maana inasimama kwa muda wa saa nne AC inawaka bibi harusi anapigwa picha. Ila ndiyo, naichukua kabla ya teksi.

Wakala kasema vizuri. Mimi naongeza la bei, maana hapo ndipo watu wanaliwa. Ukiamua kununua gari lililofanya kazi ya kukodisha hapa nchini, usilipe bei ya gari la mtu binafsi halafu ukajifariji kwamba umepunguziwa laki tatu. Toa kwenye bei gia boksi iliyotumika, shokapu nne, bushi za mbele na kazi ya fundi. Nenda mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, ukaulize bei za siku hiyo, jumlisha, punguza. Muuzaji akigoma, ana haki yake, na wewe una miguu.

Mchangiaji, Mbagala

Wakuu, mimi naulizia la kwangu. Kuna IST ya mkataba, dereva anasema amemaliza kulipa na sasa anaiuza. Nimeipanda, gia zinaingia vizuri, oili safi, mlango wa nyuma kushoto umechoka kidogo kama fundi alivyosema. Bei iko chini kweli. Ila kadi ya usajili wa gari bado ina jina la tajiri, dereva anadai tajiri yuko safarini na atasaini akirudi. Nitoe nusu ya hela nimshike?

Wakala wa forodha

Usitoe hata elfu kumi. Mkataba wa dereva na tajiri hauko kwenye kadi, tajiri akirudi akasema bado anadai miezi sita, utakuwa umenunua kesi.

Mleta mada

Nakazia. Na angalia faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, hiyo haihitaji tajiri arudi. Teksi hizi zinaweza kuwa na rundo.

Fundi, gereji ya Ilala

Tajiri akirudi, asaini yeye kama muuzaji, dereva awe shahidi, na mkataba wao wa zamani uambatanishwe. Ukishapata hayo niletee gari asubuhi kabla halijawashwa, injini ikiwa baridi. Likija limeshapashwa moto silipimi.