Mtoto afundishwe muziki peke yake, mlango umefungwa? Tujadili

Wana Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Buhongwa watoto wengi hujifunzia muziki kwenye kwaya za kanisa au kwa mwalimu wa kinanda nyumbani kwake. Msimamo wangu ni huu: aliye chini ya miaka 18 asifundishwe peke yake kwenye chumba kilichofungwa, hata mwalimu awe mzee wa kanisa.

Wanaopinga wanasema walimu wengi wanajitolea, hawapewi hata nauli ya daladala, na masharti yatawafanya wajione wanashukiwa. Tena kinanda hakifundishiki penye kelele. La kelele nalikubali. Basi funga mlango, lakini dirisha lisiwe na pazia ili walio nje waone ndani, au dada yake mtoto akae pembeni. Mwalimu mwema naye anapata shahidi siku akisingiziwa.

Kuna suala la kugusa. Mwalimu wa sauti anataka mwimbaji avute pumzi hadi tumboni, basi anamwekea mkono tumboni au mbavuni. Wa nini? Mtoto aweke mkono wake mwenyewe, au alale chali na kitabu juu ya tumbo, aone kinavyopanda na kushuka. Kwenye kinanda, mwalimu aonyeshe kwa vidole vyake. Akilazimika kumshika mkono, amwombe kwanza, na mtoto akikataa iishe hapo. Kumchapa rula vidoleni kwa kukosea noti ni ukatili, na wala hakufundishi kitu: mkono wenye hofu unakakamaa.

Linaloniuma zaidi ni ile kauli ya "tuyamalize ndani". Binti analalamika, wazee wanakaa kikao, mwalimu anaombewa, kisha anahamia kwaya nyingine ambako hakuna anayejua habari zake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116, ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, inapigwa bure. Ibandikeni ukutani pale kwaya inapofanyia mazoezi, watoto waione.

Mnaopinga, nijibuni hili: mazoezi ya Pasaka yameisha saa nne usiku, mwalimu anasema, "Huyu nitampeleka mimi kwa pikipiki hadi Igoma." Kama ni binti yako, unamruhusu?